Viatu vya Mzee Maurice na Jioni ya Kol Nidre

Tangu nistaafu, simu yangu haina raha. Vijana wa lile kundi letu la wahudumu wa wazee hapa Birmingham wameniandama: Mama Wakesho tuandikie, Mama Wakesho tuambie ulivyoanza. Wengine wanataka kujua nilipandaje vyeo na nililipwa vipi. Hayo waulizeni waliopanda vyeo. Mimi nitaandika habari za viatu, na za sala moja ambayo kwa kweli si sala, na za mzee aliyeapa kwamba hatakaa chini ya paa moja na ndugu yake, mpaka kiapo chenyewe kikamzibia njia ya kwenda kusali. Nitaandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu nimekimaliza kwenye ripoti za zamu.

Nilianzia nyumba ya wazee ya Castle Vale, pembeni mwa jiji. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya ngozi vyenye kisigino kifupi, kwa heshima ya kazi mpya. Kufika adhuhuri nilikuwa nachechemea kuliko wazee wenyewe. Bibi mmoja niliyekuwa nikimpeleka mezani alinitazama, akanisogezea fremu yake ya kutembelea, akaniambia ninaihitaji kuliko yeye. Jioni ile nilipitia mjini nikanunua viatu vya mpira vyenye matundu, vile mnavyovaa leo vya rangi rangi mkidhani ni mtindo mpya. Sijavivua tangu hapo, ila nikienda kanisani.

Huko Castle Vale ndiko nilikojifunza mkono wa kazi. Ukimnyoa mtu anayetetemeka, mwache ashike kidevu chake mwenyewe; wewe shika wembe tu. Ukimvisha soksi aliyevimba miguu, mvishe kabla hajashuka kitandani, maana akishasimama, maji yote yamekwenda chini na utahangaika naye mpaka saa ya chai. Na ukimwinua mtu kwa mashine, ongea naye yeye, si na mwenzako wa upande wa pili kuhusu mume wake aliyemkera. Mtu akining'inia hewani huku nyinyi mnasengenya, anajiona gunia.

Baadaye nilihamia nyumba ya wazee wa Kiyahudi, upande wa pili wa jiji. Sikuichagua kwa sababu za dini. Kutoka Newtown, ninakokaa mpaka leo, ilikuwa ni basi moja tu, na Januari ya Birmingham inakufundisha thamani ya basi moja. Aliyenipokea alikuwa Halima, Msomali wa Garissa aliyepitia Uholanzi kabla ya kufika hapa. Nilimkuta akigombana kwa Kiswahili na mashine ya kufulia, nikataka kumkumbatia kabla hata ya kumsalimu.

"Karibu, dadangu," alisema. "Sheria ni moja. Nyama na maziwa hazionani. Vyombo vya alama nyekundu ni vya nyama, bluu ni vya maziwa. Ukimix, hiyo sahani imeenda. Sikutishi, nakuambia tu."

Halima ndiye mwalimu wangu. Alijua ni nani anasali kabla ya chai na nani anajifanya anasali ili chai ipoe. Mimi nilijua Biblia, nikadhani ninawajua Wayahudi. Halima alinitoa ujinga huo taratibu, bila kunicheka mbele ya watu.

Mzee Maurice alikuwa amefika pale wiki chache kabla yangu. Maisha yake yote alikuwa sonara katika mtaa wa masonara, pale Hockley, hatua chache kutoka kwangu. Mwili ulikuwa umechoka lakini mikono haikujua kutulia. Ukimpa kijiko, atakigeuza mwangani kutafuta kasoro. Aliniambia kwamba chini ya meza ya sonara hutundikwa kipande cha ngozi, ili vumbi la dhahabu lisipotee sakafuni. Hata pale mezani kwetu alitandaza kitambaa mapajani namna hiyo hiyo, na akimaliza kula alikikung'uta kwenye sahani kwa uangalifu, kama makombo ya mkate nayo yana bei.

Alikuwa mgumu, sitawadanganya. Aliamini nyumba za wazee ni mahali pa kutupia watu, na aliliamini jambo hilo kwa sauti. Akitaka kurudishwa chumbani alisema, "Nirudishe kule." Mimi nilikuwa nikimwambia, "Twende kwako, Mzee," naye ananijibu kwamba kwake kuliuzwa. Kwa Kiingereza cha watu wa huku aliniita bab, kama wanavyomwita mtu yeyote wasiyemchukia. Nilichukua hiyo kama dalili njema.

Sasa viatu. Baba yangu alifanya kazi ya reli pale Voi. Kila Jumamosi jioni alipanga viatu vya nyumba nzima kibarazani, akavipiga rangi na brashi kimoja kimoja, hata vya sisi watoto tulioshinda tukipiga navyo mawe. Kwake yeye, mtu hawezi kwenda mbele za Mungu na vumbi la wiki. Basi vuli yangu ya kwanza pale nilisikia kwamba jioni inaingia sikukuu kubwa kuliko zote, Yom Kippur, ile ambayo sisi katika Biblia tunaiita Siku ya Upatanisho. Sikuuliza zaidi. Niliwahi zamu, nikakusanya viatu vyote vya wazee wa kiume wa ukumbi wetu, nikakaa chini na brashi niliyotoka nayo Voi, nikavisugua mpaka vikaniona. Nikavipanga milangoni, kila jozi mbele ya mwenyewe. Niseme ukweli, nilijipenda asubuhi ile.

Halima akatokea kwenye lifti.

"Wakesho! Nani amekutuma?"

"Kwani kuna nini? Si leo jioni wanaanza sikukuu? Nimewa-prepare."

"Sikukuu yenyewe hii hawavai ngozi! Kuanzia jioni mpaka kesho giza liingie. Wanaenda na vya mpira, vya kitambaa, chochote, lakini si ngozi. Sasa hizi umepolish za nini, wallahi?"

"Mungu wangu. Si ungeniambia jana!"

"Jana nilikuwa off. Si rota unaiona?"

Kabla sijakusanya aibu yangu, mlango wa Mzee Maurice ukafunguka. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Akaviona viatu vyake, vya kahawia, vya zamani lakini vya fundi hodari. Akainama akaokota kimoja, akakigeuza mwangani kama anavyofanya na vijiko. Akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Hata kisigino," alisema. "Nani kafanya hii?"

Nikasema ni mimi, na kwamba sikujua, na kwamba anisamehe.

Akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Bab," alisema, "umenipigia viatu rangi kwa siku pekee ya mwaka ambayo nakatazwa kuvivaa. Na mimi mwenyewe siendi popote." Kisha akakirudisha kiatu sakafuni, akakilinganisha na mwenzake, akafuta macho. Alinieleza kwamba ngozi ni starehe, na siku hiyo mtu hasimami mbele ya Mungu na starehe miguuni. Mimi nikamkumbuka Musa alipoambiwa avue viatu. Halima akasema kwao kila sala ni hivyo, wala hawajawahi kutangaza.

Jioni ile wenzake walisukumwa kwenda sinagogi, lililokuwa mitaa michache kutoka kwetu. Siku hiyo hawapandi magari, kwa hiyo tulikuwa msafara wa viti vya magurudumu barabarani na madereva wakingoja bila kupiga honi. Mzee Maurice alibaki dirishani. Niliporudi nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akaniambia jambo lote, huku akitazama nje.

Yeye na mdogo wake, Sidney, walikuwa na karakana moja na mama mmoja. Mama yao alimwomba Maurice asije akampeleka nyumba ya wazee, naye akamwahidi. Kisha Maurice akalazwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Alipotoka alikuta Sidney amekwisha kumhamishia mama kwenye nyumba kama hii yetu. Mama alifariki huko kabla majira ya baridi hayajaisha. Siku za matanga, mbele ya watu, Maurice aliapa kwa jina la Mungu kwamba hatakaa tena chini ya paa moja na Sidney. Wakagawana karakana. Na kwa kuwa Sidney hakukosa sinagogi, ikabidi Maurice aache kwenda.

"Si uende sinagogi lingine?" nilimwuliza.

"Kule wanaimba kama wanasoma orodha ya vyakula. Pale ndipo baba yangu alipokaa. Pale ndipo nilipoisikia Kol Nidre nikiwa sijafika kiunoni kwake."

Hilo jina ndilo lililonipeleka kwa rabi. Alikuwa anakuja kila wiki kuwatembelea wazee, mtu mchangamfu ambaye kila mara alisahau mwavuli wake kwetu. Halima alikuwa ameniambia kwamba Kol Nidre ni sala ya kufuta viapo, na kwamba lile neno la pili ni ndugu wa nadhiri yetu. Mimi nikaona jambo ni jepesi: sala inafuta viapo, mzee amefungwa na kiapo, basi asukumwe akaisikilize, mambo yaishe. Nikampelekea rabi ufumbuzi wangu pamoja na chai.

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akasema hata Wayahudi wengi hufikiri hivyo. Kwanza, akasema, Kol Nidre si sala. Hakuna mahali mle inapomwomba Mungu kitu. Ni tamko la mahakama: nadhiri zote, viapo vyote, miiko yote tuliyojifunga nayo, na vihesabiwe kuwa havipo. Ndiyo maana husomwa kabla jua halijazama, maana mahakama haikai siku takatifu, na ndiyo maana watu wawili husimama na magombo ya Torati kulia na kushoto kwa mwimbaji, ili wawe watatu, idadi ya waamuzi. Imeandikwa kwa Kiaramu, lugha ya mtaani ya watu wa zamani hizo, ili kila mtu aelewe anachofunguliwa.

Nikamwuliza nani aliitunga. Akasema hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni kwamba zaidi ya miaka elfu iliyopita wakuu wa vyuo vya Babeli walikuwa tayari wanailalamikia, wanaiona desturi ya kipuuzi, na watu wakaendelea nayo vilevile. Wapo wanaosimulia kwamba ilitungwa Hispania, na Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, waliokusanyika kwa siri mara moja kwa mwaka kumwomba Mungu asiwahesabie maneno waliyotamka kwa kuogopa. Rabi akasema tamko ni la zamani kuliko hayo, ila anaelewa kwa nini hadithi imeng'ang'ania. Hao ndio waliolihitaji kuliko wote. Baadaye wanazuoni wengine waliona haifai kufuta ya mwaka uliopita, wakabadilisha maneno yahusu mwaka unaokuja, na mpaka leo kuna wanaosema hivi na wanaosema vile. Na wenye chuki nao waliishikilia hiyo hiyo miaka mingi, wakisema Myahudi haaminiki kwa kuwa ana sala ya kuvunja ahadi.

"Na hapo ndipo walipokosea, na wewe pia," alisema, akinyoosha kijiko cha chai kwangu. "Inahusu yale ya mtu na Mungu wake. Ya mtu na mtu haiyagusi. Ukimwahidi jirani, uende kwa jirani."

Kwa habari ya Maurice, alisema ipo njia. Watu watatu wanaweza kuketi kama mahakama, wakamwuliza aliyeapa kama anajuta kweli, na kama kuna jambo ambalo lau angelijua siku ile asingeapa. Likipatikana, wanamfungua. Lakini kiapo kilichomlenga mtu, alisema, yeye hakifungui mpaka mtu huyo awepo na asikie. Halima alipopata habari alitikisa kichwa. Kwao, alisema, ukivunja kiapo unatoa kafara, unalisha maskini kumi, au ukishindwa unafunga siku tatu, basi. Mimi nikamwambia kwetu tunakatazwa kuapa kabisa, na kila siku tunaapa.

Mzee Maurice hakutaka kusikia. Kumwita Sidney? Afadhali akae dirishani. Na alikaa, vuli baada ya vuli. Mimi kila mwaka nilimpigia viatu rangi kwa mwaka mpya wao, unaotangulia, halafu jioni ya Kol Nidre ninavificha kabatini, na yeye kila mwaka ananiuliza kama nimekumbuka. Ikawa mchezo wetu. Wenzake wakienda, ninamsikia akiuimba ule wimbo chini chini, mpaka pale sauti inapopanda, anaacha.

Kisha ikafika vuli ambayo moyo wake ulikuwa umechoka kweli. Daktari alishasema wazi, na Maurice hakuwa mtu wa kufichwa. Nilikuwa namvisha soksi, kitandani, kama nilivyowafundisha, akaniambia, "Bab, mwaka huu nataka kuisikia. Mwakani sipo." Sikumbishia. Wazee wanajua, na ukiwabishia unawaacha peke yao na jambo lao. Nikamwuliza kama nimwambie rabi. Akaninyooshea mguu wa pili, soksi zote mbili zikaingia. Kisha akasema nimwambie.

Hapa nawaonya: msipige simu kwa ndugu za watu. Hiyo si kazi yetu, hata moyo ukituma. Nilikwenda kwa msimamizi, msimamizi akaongea na Maurice mwenyewe, rabi ndiye aliyempigia Sidney. Alikubali kabla rabi hajamaliza sentensi. Kilichobaki kilikuwa ni mahali. Ndani ya nyumba yetu haiwezekani, kuna paa. Kwa Sidney, paa. Ofisi ya rabi, paa. Mtu mmoja akasema wakae kwenye gari, na Maurice akamwuliza kama gari lake halina paa. Basi ikaamuliwa: mahali pa kuegesha magari, uani kwetu, asubuhi ya siku ile ile ambayo jioni yake ingekuwa Kol Nidre.

Kwa kuwa ni Birmingham, mvua ilinyesha. Si mvua ya kukukimbiza, ni ile rasharasha inayoingia mpaka kwenye mifupa. Rabi alikuja na wanaume wawili wa sinagogi lake, wakakaa kwenye viti vya plastiki tulivyovitoa bustanini. Sidney aliletwa na binti yake, mzee mwembamba mwenye fremu ya kutembelea, na masikio yale yale ya kaka yake. Tukamketisha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Maurice, nikaona maji yanamdondokea kichwani, nikakunjua ule mwavuli ambao rabi aliusahau kwetu, nikawafunika wote wawili.

"Funga hiyo!" Maurice alifoka. "Hilo ni paa!"

Nikamtazama rabi. Rabi akatazama mwavuli, akafikiri, akaniashiria niufunge. Nikaufunga. Wakalowa wote, mahakama na mshtakiwa.

Maurice akasema kiapo chake, kama alivyokisema siku za matanga. Rabi akamwuliza kama anajuta. Akasema anajuta kukosa sinagogi. Rabi akasema hilo halitoshi. Je, lau angelijua siku ile kwamba Sidney alikuwa ameshindwa kumwinua mama peke yake, angeapa?

"Nilijua," alisema Maurice. "Na niliapa."

Lau angelijua kwamba miaka itapita hivi, angeapa?

"Nilikuwa na hasira. Ningeapa."

Mmoja wa wale wawili akajikuna ndevu. Nilielewa kwamba hawawezi kumtungia uongo. Akikosa jambo la kweli, atarudi dirishani, na jioni hiyo ndiyo ya mwisho aliyokuwa nayo. Nikashika mpini wa kiti kwa mikono miwili. Binti wa Sidney alikuwa ameinamisha kichwa.

Maurice alikuwa anatazama miguu yangu. Viatu vyangu vya mpira vilikuwa vimejaa maji.

"Niliapa," alisema polepole, "kwa sababu nilidhani wamemtupa mahali ambapo hakuna mtu. Lau ningelijua kwamba ndani ya nyumba hizi anaweza kuwemo mtu wa kuamka asubuhi akasugua viatu vya wazee wasiokwenda popote, mpaka kisigino, nisingeapa. Hilo sikulijua. Kwa hilo, nisingeapa."

Kisha Sidney akazungumza kwa mara ya kwanza, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni.

"Mama alikuwa na mmoja kama huyo, Morrie. Alikuwa anamchana nywele kila asubuhi na kumsokotea nyuma, vile alivyopenda. Nilikuja kukwambia. Ulifunga mlango."

Nililia, na sioni haya kuandika. Wale watatu wakaegemeana, wakanong'ona, wakamgeukia Maurice wakatamka kwa Kiebrania kwamba amefunguliwa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Rabi akatafsiri, ingawa hakuna aliyehitaji.

"Basi kunjua huo mwavuli, bab," alisema Sidney. "Mimi nimelowa mpaka ndani."

Nikaukunjua. Wakakaa chini yake mabega yakigusana. Halima alikuwa ametutazama dirishani muda wote. Akatoka na taulo.

Jioni miguu ya Maurice ilikuwa imevimba, viatu vyake vya kitambaa vikakataa. Nikampa jozi yangu ya akiba ya mpira, ya kijani kibichi. Miguu yake ilikuwa midogo kwa mwanamume, na yangu Mungu hakuipunja. Akaenda sinagogi lao la baba na viatu vya mhudumu, amevaa shuka lake jeupe la sala, jioni pekee ya mwaka wanapolivaa baada ya alasiri. Mimi nilipanda juu wanakokaa wanawake, nikawaona chini, kiti cha magurudumu kando ya benchi ya Sidney. Kabla ya wimbo huwa kuna tangazo: kwa idhini ya mahakama ya juu na mahakama ya chini, inaruhusiwa kusali pamoja na wakosaji. Rabi alipolisoma, niliwaona wale wazee wawili kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole gumba.

Wimbo uliimbwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa chini, kama mtu anayebisha nyumba asiyoijua. Mara ya pili juu kidogo. Mara ya tatu jengo zima likajaa. Nilimtazama Maurice pale sauti inapopanda, pale alipokuwa akiacha siku zote. Hakuacha.

Mfungo wa sikukuu hiyo ukaisha kesho yake jioni, na siku iliyofuata alasiri Sidney alikuwa amesema atakuja. Tangu asubuhi Maurice alinisumbua. Nikavitoa viatu vya kahawia kabatini, nikavipiga rangi mbele yake huku akinielekeza, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kazi. Nikamvisha soksi mapema, nikatumia kijiko kirefu cha kuvalia viatu, vikaingia. Akaomba kiti kigeuzwe, kitazame mlango.

Sidney alifika na fremu yake. Alifika mpaka kizingitini, akasimama. Binti yake alininong'oneza kwamba hajawahi kuingia tena nyumba ya wazee tangu mama yao. Alitazama kitanda, akatazama kengele ya ukutani, akatazama dari. Hakusogea.

Maurice akaweka viatu vyake sawa, kimoja kando ya kingine.

"Unangoja nini hapo, Sidney?" alisema. "Karibu kwangu."

Mimi nikaenda kubandika chai, kwa vyombo vya bluu.